Hizi mbio za kila wiki za mtaani, raha yake huwa inaisha?

mwisho_wa_foleni

Wakuu habari za jioni. Naomba msinicheke, maana nimeshachekwa ya kutosha nyumbani na kazini.

Iko hivi. Kama miezi miwili iliyopita jirani yangu alinigongea Ijumaa jioni akaniambia kesho asubuhi kuna watu wanakimbia kilomita 5, ni kila Jumamosi, ni bure, twende. Mimi sio mkimbiaji wakuu. Shuleni kwenye mchakamchaka nilikuwa yule wa kujificha chooni mpaka mstari upite halafu najichomeka nyuma wakati wanarudi, najifanya nahema. Sasa sijui siku hiyo ilikuwaje, nadhani nilishindwa tu kumkatalia mtu usoni, nikaenda na raba za kutembelea na bukta ya kulalia.

Kilomita ya kwanza niko na wenzangu, nikajiona kumbe naweza. Ya pili pumzi ikakata, kichomi kikanishika ubavuni, nikaanza kutembea, watu wananipita mmoja mmoja mpaka mtoto wa kama miaka tisa akanipita akaniambia "jikaze anko". Mwisho nikabaki mimi na dada mmoja kavaa reflekta anatembea nyuma yangu. Nikamwambia dada we nenda tu usinisubiri, akacheka, akasema kazi yangu leo ni kuwa wa mwisho, kwahiyo hata ufanyeje wewe huwezi kuwa wa mwisho. Wakuu hilo neno nilitembea nalo wiki nzima.

Nikafika dakika 52. Nilishajiandaa kukuta wamekunja vitu vyao wameondoka. Nikawakuta wapo, yaani wapo kabisa, mzee mmoja kashika simu anahesabu muda, wengine wamekaa chini wananyoosha miguu, wakaanza kupiga makofi, na sio yale makofi ya kuonewa huruma maana hayo nayajua. Mtu akanipa kikadi kina namba 64, yaani mimi ndo wa 64 kufika. Nikaenda nyuma ya mti nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Toka siku hiyo sijakosa Jumamosi hata moja, na naamka kabla ya alamu, mimi, ambaye mke wangu huwa ananivuta shuka.

Sasa tatizo. Wiki ya tano shemeji akanipa saa yake ya zamani, hizi zinazohesabu hatua na mapigo ya moyo. Wiki ya sita nikapiga 46. Siku hiyo nilimwonyesha kila mtu mpaka mlinzi getini. Wiki ya saba 47. Juzi 48 na nusu, nikarudi nyumbani nimenuna, mke ananiuliza nini nasema hamna. Halafu jioni nikakumbuka kwamba yule dada wa reflekta juzi alikuwa kasimama kwenye kona anaelekeza watu, akanipungia mkono, na mimi nilikuwa naangalia saa sikumrudishia. Hiyo imeniuma kuliko dakika.

Kazini nako kuna jamaa ananiuliza kila Jumatatu, unakimbia unakwenda wapi, unazunguka unarudi palepale, hela hakuna medali hakuna. Sina jibu.

Nyie mliokaa miaka kwenye hizi mbio, raha yake hasa iko wapi na je huwa inaisha? Hii saa niivue au nikaze?

---

raba_zimechoka

Hahaha bukta ya kulalia. Karibu sana mkuu, wote tulianzia huko, mimi nilianza na jinzi.

Nina mwaka wa sita huu. Nikwambie kwanza kuhusu hiyo 46 kwenda 48, hujarudi nyuma hata kidogo. Muda wa kilomita 5 unapanda na kushuka kwa vitu vingi ambavyo havina uhusiano na bidii yako. Usiku umelala saa ngapi, jua limechomoza kali au kuna wingu, njia imelowa, umeanza mbele ukavutwa na wenye kasi ukaungua mapema. Mimi nina siku nimekimbia 26 na wiki inayofuata 29 njia ileile raba zilezile. Mwanzoni unashuka haraka kwa sababu ulikuwa hufanyi chochote, baada ya hapo mwili unaanza kukudai kila sekunde, ndo kawaida yake.

Halafu tuwekane sawa. Joshua Cheptegei wa Uganda alikimbia mita 5000 mwaka 2020 kwa dakika 12 na sekunde 35, rekodi ya dunia. Muda huo wewe kwa kasi yako ya 46 hujamaliza kilomita moja na nusu, na mimi sijafika nusu. Kwahiyo mimi na wewe wote tupo kundi moja tu, kundi la waliokuja. Ukishalielewa hilo saa haikupi presha tena.

Kuivua au kutoivua, mimi naivaa ila naivuta juu naifunika na mkono wa shati. Inahesabu peke yake huko ndani. Naiangalia nikishafika nikishapumua. Jaribu wiki tatu hivyo uone.

Na kitu kingine, kama huwezi kuongea sentensi nzima bila kukatika unakimbia kasi kuliko uwezo wako. Kilomita mbili za kwanza piga stori na mtu, ukiona stori inakushinda punguza. Hicho kichomi nacho kitapungua.

---

mama_wa_watatu

Kaka yangu umenigusa hapo nyuma ya mti. Mimi yangu ilikuwa nyuma ya gari.

Ngoja nijibu swali la raha iko wapi kwa upande wangu, wengine watasema yao. Mimi wiki nzima ni mama. Mama sare yangu iko wapi, mama huyu kanipiga, mama simu, kazini nako ni mama fulani. Jumamosi ile saa moja asubuhi nikifika pale nakuwa na jina langu. Wananiita kwa jina nililopewa na baba yangu, wakuu, jina ambalo kuna wiki naweza nisilisikie kabisa. Sikulijua hili mwanzoni, nilidhani naenda kupunguza tumbo. Tumbo lipo.

Mwaka jana nilikosa wiki mbili, mtoto wa mwisho alikuwa anaumwa. Niliporudi, mtu wa kwanza kukutana naye ni kijana mmoja ambaye sijawahi kuongea naye zaidi ya kupeana salamu, huwa ananipita kwenye kilomita ya tatu kila wiki kama basi la ratiba, akasema dada ulikuwa wapi, nilifika pale kwenye wembamba wa njia nikakukosa nikajua nimechelewa. Yaani mimi ni alama yake ya njia! Nilicheka peke yangu mpaka nyumbani. Lakini ndo hivyo, kuna mtu anajua kama haupo, na hajui hata nafanya kazi gani.

Huyo dada wa reflekta usikae na hilo jambo moyoni. Jumamosi mfuate umwambie dada samahani juzi nilikuwa naangalia saa. Atacheka. Halafu muombe na wewe siku moja uvae hiyo reflekta. Mimi huwa nasimama wiki moja kila mwezi kugawa vikadi, siku hiyo sikimbii. Unaona nyuso zote zinavyofika. Kuna mtu anafika kakunja sura kama kaibiwa, kuna mtu anafika anaongea na Mungu, kuna baba mmoja lazima aongeze mbio hatua kumi za mwisho hata kama alikuwa anatembea toka mwanzo, ili mtoto wake amuone anakimbia.

---

saa_kumi_usiku

Mimi nitakuwa mbaya humu ila acha niseme.

Nakimbia mwaka wa kumi na moja peke yangu saa kumi alfajiri, siku nne kwa wiki, na sijawahi kuhitaji mtu wa kunipigia makofi. Nilienda hizo mbio zenu mara mbili. Mara ya kwanza kuna watu watatu wanakimbia sambamba wamejaza njia wanaongelea harusi, ukisema samahani wanageuka kukuangalia kama umewatukana. Mara ya pili nafika mwisho nataka kupita kwenye mstari, kuna mtu kasimama katikati anajipiga picha. Kilomita tano nimekimbia na wimbo wa mtu mwingine unatoka kwenye simu yake bila spika za masikioni.

Kukimbia raha yake ni ukimya. Unasikia miguu yako na pumzi yako, basi. Mleta mada raha yako imepungua kwa sababu uliiweka mikononi mwa watu na saa. Kimbia peke yako mwezi mmoja uone.

---

raba_zimechoka

@saa_kumi_usiku hao watatu wa harusi nawajua wapo kila mahali hahaha. Kwa hilo huna kosa, na wa picha mstarini nae akome.

Ila kwenye kukimbia na watu kuna kitu hukioni. Watafiti wa chuo kikuu cha Oxford waliwachukua wapiga makasia, wakawapa zoezi lilelile mara wapige kila mtu peke yake, mara wapige kwa pamoja kwa mdundo mmoja. Baada ya hapo wanawafunga ule mkanda wa kupimia presha mkononi wanaujaza upepo mpaka mtu aseme basi inauma. Wale wale, kazi ileile, wakitoka kupiga pamoja walivumilia maumivu zaidi. Wakasema huenda mwili unatoa zaidi vile vitu vyake vya kupunguza maumivu na kuleta raha mkiwa mnakwenda pamoja. Mababu waliokuwa wanapalilia kwa wimbo walikuwa hawajasoma huo utafiti.

---

saa_kumi_usiku

Sawa, lakini wapiga makasia hawakuwa wanaongelea harusi.

---

ngoma_droo

Nimecheka hapa ofisini bosi kageuka 😂😂

---

mzee_wa_filimbi

Wanangu hamjambo. Mimi ndiye mzee wa kushika simu na kuhesabu muda, sio wa huko kwa mleta mada, wa kwingine, ila naona kazi yetu ni moja. Nina miaka 67, goti la kulia lilishastaafu kabla yangu mimi mwenyewe, sikimbii tena, lakini kila Jumamosi nipo.

Mleta mada swali lako nitalijibu kwa kuzunguka kidogo, nivumilie. Hizi mbio za bure za kilomita 5 kila Jumamosi ambazo saivi zimeenea nchi nyingi kwa jina la parkrun zilianza tarehe 2 Oktoba 2004, pale Bushy Park, London. Wakimbiaji siku hiyo walikuwa 13 tu. Aliyeanzisha, Paul Sinton-Hewitt, alikuwa ameumia hawezi kukimbia. Sasa fikiria, mtu umeumia, wenzako wote ni wakimbiaji, utaonana nao wapi? Yeye akaona awaite, awashikie muda, wakimaliza wakae pamoja. Yaani mtu aliyeanzisha hakuanzisha ili apate kasi, alianzisha ili asiwapoteze rafiki zake. Na vile vikadi vya namba mnavyopewa mkifika, wao mwanzoni walitumia washa, hizi za chuma za kuweka kwenye nati, wamegonga namba juu yake. Napenda sana hiyo habari, maana inaonyesha mtu hakusubiri vifaa.

Afrika Kusini aliyewaletea mwaka 2011 ni Bruce Fordyce, wakaanzia Delta Park, Johannesburg. Huyu bwana ameshinda Comrades mara tisa, mbio ya karibu kilomita 90, sasa mtu wa namna hiyo angeweza kudharau kilomita 5 za watu wanaotembea na watoto wao. Hakudharau.

Na wako wengi ambao hawana jina lolote la kuandikwa popote, wanakutana tu kwenye uwanja au pembeni ya barabara, watu kumi na tano, hakuna saa hakuna kikadi, wanapigiana simu alfajiri amka wewe. Hizo nazo ni hizo hizo.

Sasa nikuambie tunachokiona sisi tuliosimama mstarini, maana nyie mnaokimbia mnaona migongo tu. Wa kwanza wanakuja wachache, mmoja mmoja, kimya, wanaanguka kwenye majani. Wale hawana shida na sisi. Kisha linakuja lile kundi kubwa la katikati, hapo ndo hekaheka, watu wanne kwa sekunde moja, nabonyeza simu kidole kinauma, mtu wa vikadi anasema subiri subiri, mwingine kapita mstari mara mbili kwa sababu alirudi kumchukua mkewe, hapo hesabu imeshaharibika. Halafu kunatulia. Kwa dakika nzima hakuna mtu. Ndo sasa wanakuja wa kwenu, wa dakika 45, 50, 55, na hapo ndo sisi tunapata nafasi ya kumtazama mtu usoni. Tunawajua nyie kuliko tunavyowajua washindi. Kwahiyo usidhani mnatuchelewesha.

Malalamiko yangu ni moja. Watu wanaondoka na vikadi! Ukishaandikwa kirudishe kwenye ndoo. Kila wiki nahesabu nakuta pengo, wiki nyingine namba 12 haipo, nyingine 40, mtu anaenda kufua bukta anakuta kikadi kimelowa kama maandazi. Na kikadi kimoja kikikosekana katikati, foleni yote ya nyuma yake inapata muda wa mtu mwingine, halafu Jumamosi jioni napigiwa simu mzee mbona mmeniandika dakika 31 na mimi nimekimbia 30, kana kwamba nimemuibia urithi.

Saa yako ivae au ivue, sio neno. Ila mpungie mkono yule binti.

---

ngoma_droo

Shikamoo mzee. Aisee mimi ninacho kimoja nyumbani, namba 88, kina miezi minne. Nilikuwa nakitumia kuwekea alama kwenye kitabu. Jumamosi nakirudisha nisamehe.

---

mzee_wa_filimbi

Marahaba. Unaona sasa.

---

mwisho_wa_foleni

Dah wakuu asanteni sana, mzee shikamoo, nimesoma mara mbili nikamsomea na mke wangu. Ile ya "dakika nzima hakuna mtu halafu mnakuja nyie" kaniambia hiyo ichapishe ubandike kwenye friji.

Sasa niulize na la kitaalamu maana naona kuna wazoefu. Mguu wa kushoto, mbele hapa kwenye mfupa wa muundi, unauma toka wiki ya saba. Nikianza kukimbia unauma, katikati unapoa, jioni unarudi. Na kiukweli kuanzia nipewe hii saa nilikuwa nakimbia na Jumanne na Alhamisi pia na Jumapili, nikiwa nataka kufika 45.

---

raba_zimechoka

Mkuu umejijibu mwenyewe. Kutoka mara moja kwa wiki kwenda mara nne, ghafla, mwezi wa pili. Moyo na mapafu vinazoea haraka, mifupa na mishipa ya kuunganisha misuli inachelewa sana, kwahiyo unajisikia una nguvu wakati miguu bado inajengwa. Wengi wanaumia hapo hapo ulipo wewe.

Pumzika kukimbia wiki moja au mbili, tembea. Ukirudi anza na Jumamosi tu, kisha ongeza siku moja, kaa hapo wiki kadhaa. Angalia raba zako, kama ni zilezile za kutembelea hizo zimeshalala upande. Na bonyeza huo mfupa kwa kidole, kama maumivu yametanda kwenye eneo refu mara nyingi ni misuli na ngozi ya mfupa vimechoka, ila kama kuna sehemu moja ndogo ukigusa unaruka, au unauma hata ukiwa umelala, nenda hospitali upigwe picha, usisikilize mtu wa humu mtandaoni hata mimi. Ufa mdogo kwenye mfupa haucheki na mtu.

Misuli kuuma kesho yake na keshokutwa ni kawaida. Mfupa kuuma wiki mbili sio kawaida.

---

mama_wa_watatu

Na wakati unapumzika usibaki nyumbani kununa kaka. Nenda, simama, shika ndoo ya vikadi. Nimeshakwambia.

Halafu watu mnaosemaga mwenda pole hajikwai, mimi nilijikwaa kwenye mzizi nikiwa natembea, natembea kabisa, mbele ya watu wote. Msiniletee hiyo methali.

---

saa_kumi_usiku

Nakubaliana na @raba_zimechoka kuhusu muundi. Hapo kila mtu amsikilize.

Na nimefikiria swali la yule wa kazini, unakimbia unakwenda wapi. Mimi pia huwa naulizwa na sijawahi kuwa na jibu, miaka 11. Siku moja nilimwambia mtu naenda kuangalia kama daraja bado lipo. Akanielewa kuliko jibu lingine lolote nililowahi kutoa.

---

mwisho_wa_foleni

Hahahaha hiyo naichukua.

Wakuu narudi na mrejesho wa jana maana niliahidi kwa mke wangu kwamba nitawaandikia.

Muundi ni eneo refu, sio kidoti, kwahiyo napumzika. Nilienda nikamtafuta yule dada kabla hawajaanza nikamwambia samahani ya ile siku ya kona. Hakumbuki. Hakumbuki kabisa wakuu, mimi nimelala na jambo wiki mbili na yeye hata hajui naongelea nini, akasema mimi napungia watu mia naona wote mnahema tu. Akanipa reflekta moja kubwa inanifika magotini na ndoo ya vikadi.

Nilichokiona ni kama mzee alivyosema ila hakusema kuhusu sauti. Ukiwa unakimbia husikii. Ukiwa umesimama pale mwisho asubuhi ile bado kuna ubaridi, unaanza kusikia kwanza miguu kabla hujaona mtu, pale njia inapokunja nyuma ya miti, pa pa pa pa, unajaribu kukisia ni nani. Kufika lile kundi la katikati nilishaanza kuwajua wawili watatu kwa miguu tu. Yule mtoto wa jikaze anko anaburuza mguu mmoja. Nikampa kikadi nikamwambia jikaze anko, hakucheka hata kidogo, alikuwa anatapika pumzi.

Hekaheka ya katikati ni kweli tupu. Nilimpa mtu mmoja vikadi viwili vimegandana. Nikamfukuza na hiyo reflekta ya magotini huku nashikilia ndoo, watu wanadhani ni sehemu ya mbio wakaanza kunipigia makofi.

Wa mwisho alikuja mama mmoja mtu mzima na mjukuu wake, saa nzima na dakika nne. Nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Jirani yangu, yule aliyenigongea, kanipiga picha nashangilia mdomo wazi, kaituma kwenye grupu la mtaa.

Saa iko kwenye droo, haina chaji toka Alhamisi.

Baada ya hapo tukakaa chini kuhesabu vikadi na yule dada. Nimehesabu mara tatu. 1 mpaka 93 vyote vipo isipokuwa namba 57. Nimeangalia chini ya ndoo, kwenye majani, kwenye mfuko wa reflekta. Kama uko humu na jana ulikuwa mtu wa hamsini na saba, kiko kwenye bukta yako, angalia kabla hujafua.